Pedi ya nyongeza ndani ya pempasi ya mtu mzima: namna ya kuchagua isiyokula hela bure

Ukimuuguza mzee aliyepooza, au mama aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo, utafika usiku ambao pempasi moja haitoshi. Hapo wengi huchukua pedi ya hedhi, wakaibandika ndani ya pempasi na kulala wakiamini wameongeza nguvu. Alfajiri shuka limelowa, godoro limelowa, na ukifungua pempasi unaikuta karibu kavu. Pedi imejaa, pempasi haijaonja kitu.

Sababu iko mgongoni mwa ile pedi. Pedi ya hedhi ina nailoni chini, kwa kuwa imetengenezwa ikae juu ya chupi. Mkojo ukishaijaza hauna njia ya kushuka, kwa hiyo unatafuta pembeni, unapita mapajani na kuishia kwenye shuka. Pedi ya nyongeza yenyewe, ile ambayo wauzaji huiita busta, haina nailoni. Inakunywa mpaka inashiba, kisha inauachia mkojo ushuke kwenye pempasi. Hilo ndilo la kwanza kuangalia, kabla ya bei na kabla ya maneno ya muuzaji.

Hatua ya 1: Hakikisha pempasi inavuja kwa sababu imejaa

Kuna pempasi inayovuja ikiwa imejaa, na kuna inayovuja ikiwa nusu tupu. Ya pili haiponi kwa busta. Ukimvua mgonjwa asubuhi, funga ile pempasi kwenye mfuko, ishike kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili shika chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa. Chupa hiyo ni kama nusu kilo, na mililita moja ya mkojo ni kama gramu moja. Ikiwa pempasi ni nyepesi kuliko chupa na shuka limelowa, shida ni saizi au uvaaji. Ikiwa inalemea mkono kushinda chupa, na unyevu umefika mbele mpaka nyuma, hapo imefanya kazi yake yote na inahitaji msaidizi. Mwenye mzani wa ndoano nyumbani apime kavu, apime iliyolowa, atoe. Atapata jibu la uhakika zaidi.

Kibofu cha mtu mzima hubeba kati ya mililita 300 na 500 hivi kabla ya kutaka kufunguliwa, na kwa siku nzima watu wengi hukojoa lita moja hadi mbili. Ndiyo maana pempasi nyembamba inayotosha mchana huzidiwa usiku, hata kama aliyemvalisha mgonjwa hajakosea popote.

Saizi ipimwe kwa tepu ya fundi cherehani. Pima kiuno, pima nyonga pale penye upana mkubwa, chukua namba iliyo kubwa na uilinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye paketi. Kukadiria kwa macho ndiko kunakowafanya watu wamvalishe bibi mwembamba pempasi ya L kwa sababu dukani ilikuwepo hiyo tu, halafu mapajani panabaki uwazi wa kupitisha vidole vitatu. Pempasi ya namna hiyo hata ukiiongezea busta tatu itavuja.

Angalia pia unyevu unatokea wapi. Mwanaume huvuja zaidi mbele. Mwanamke anayelala chali huvuja katikati na nyuma. Anayelala ubavu huvuja upande aliolalia. Kumbuka sehemu hiyo, utaihitaji wakati wa kuvalisha.

Hatua ya 2: Nunua kidogo, kisha ipime kwa maji

Katika maduka ya dawa ya Mtwara mjini, Masasi na Lindi mjini pempasi za watu wazima zinapatikana kwa urahisi kuliko busta. Ukiikosa busta, utapewa kinachofanana nayo: pedi za wazazi, pedi za hedhi ndefu za usiku, au zile shuka za kutupa za kutandika kitandani. Muuzaji hana nia mbaya, anakupa alichonacho. Muulize waziwazi: "Kaka, hii nyuma ina nailoni au inapitisha maji?" Usimuulize kama ni nzuri, maana dukani vyote ni vizuri.

Omba kuona mgongo wa pedi. Nailoni inateleza chini ya kidole na ukiikunja inatoa kelele ndogo. Busta halisi ni laini pande zote mbili, kama kitambaa. Baadhi zina utepe mwembamba wa gundi wa kuishikilia isihame. Huo hauna neno, mradi haujaziba mgongo mzima.

Nunua moja, au paketi ndogo kabisa, na uipime nyumbani hivi. Chukua nusu lita ya maji ya uvuguvugu, koroga chumvi kijiko cha chai kisichojaa. Chumvi ina sababu yake. Ndani ya pedi hizi mna chembechembe zinazogeuka kuwa utelezi mzito zikilowa, na chembe hizo hunywa maji matupu mengi kupita kiasi, lakini mbele ya chumvi iliyomo kwenye mkojo nguvu yake inapungua sana. Ukipima kwa maji ya bomba tu, hata pedi dhaifu itafaulu.

Tandaza khanga kavu iliyokunjwa, weka pedi juu yake, mimina nusu kikombe taratibu sehemu moja. Tazama mambo matatu. Je, maji yanaingia upesi, au yanakaa juu na kutiririka pembeni? Mgonjwa hakojoi tone tone, mara nyingi mkojo unatoka wote kwa mkupuo. Ukisubiri dakika tano na kubonyeza juu kwa kitambaa kikavu, kitambaa kinalowa kiasi gani? Kikilowa sana, ndivyo ngozi ya mgonjwa itakavyokuwa usiku kucha. La tatu ndilo kubwa: endelea kumimina mpaka pedi ishibe, halafu inua uone khanga. Khanga ikilowa katikati, chini ya pedi, umepata busta. Ikilowa kingo tu huku katikati pakavu, hiyo ina nailoni, irudishe kwenye kazi yake ya hedhi.

Ukikuta namba ya mililita kwenye paketi, isikuteke. Kwa kawaida namba hiyo hupatikana kwa kuilowesha pedi nzima mpaka mwisho wa uwezo wake. Chini ya mtu aliyelala, uzito wa mwili unakandamiza, mkojo unaingia sehemu moja tu, na kinachobebwa kweli ni pungufu sana. Namba inafaa kulinganishia paketi na paketi, basi.

Hatua ya 3: Upana na urefu

Pempasi nzuri ina marinda mawili yanayosimama ndani, kulia na kushoto, kama kingo za mtumbwi. Busta lazima ilale katikati ya marinda hayo. Ikiyakalia inayalaza, na mkojo unapata njia ya kutokea. Pima nafasi iliyo kati yao kwa rula, kisha chagua pedi iliyo nyembamba kidogo kuliko hapo.

Urefu nao uwe pungufu ya pempasi, mbele na nyuma zibaki angalau sentimita tano. Ncha ikichungulia nje itafyonza mkojo kuutoa kwenye nguo. Nimeona watu wakilaumu pempasi kwa kosa la ncha ya pedi tu.

Moja inatosha. Mbili ni kwa usiku mgumu sana. Zaidi ya hapo zinafanya vinundu chini ya mtu asiyeweza kujigeuza, na kinundu kinachobonyeza mfupa wa kiuno usiku kucha ndicho mwanzo wa kidonda. Kidonda cha mgandamizo kinaweza kula hela kuliko pempasi zenyewe.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya usiku, si ya paketi

Paketi rahisi si lazima iwe na usiku rahisi. Tuseme, kwa mfano wa kupigia hesabu tu, pempasi moja ni shilingi 2,000 na busta moja ni 800. Usiku wa kubadilisha pempasi mara mbili ni 4,000. Usiku wa pempasi moja na busta moja ni 2,800, na mgonjwa amelala bila kuamshwa. Lakini kama pempasi hiyohiyo ukiivalisha vizuri inafika asubuhi bila busta, ile 800 umeitupa. Ndiyo maana hatua ya 1 ilitangulia.

Ongeza na gharama zisizoandikwa kwenye paketi: sabuni ya kufulia mashuka, maji, na mtu anayeacha shamba kuja kufua. Aliyeko Newala au Tandahimba, juu kule kwenye uwanda wa Makonde ambako maji ni ya kutafuta, anajua shuka moja lililolowa ni madumu mangapi. Kwake busta ya kununua inaweza kuwa nafuu kuliko inavyoonekana kwa mtu wa Shangani, pale Mtwara mjini, mwenye bomba uani.

Kama unaagiza kutoka Kariakoo kwa basi, gawa nauli ya mzigo kwa idadi ya pedi, usiiache pembeni. Katoni moja mkiagiza familia mbili tatu zenye wagonjwa, nauli inakuwa ndogo. Kwa familia zinazotegemea korosho, wakati wa kununua za miezi kadhaa ni pale malipo ya mnada yanapoingia, si Machi mfukoni pakiwa pakavu. Ila usinunue katoni ya aina ambayo hujaipima kwa maji, hata ukipunguziwa bei namna gani.

Ukishazileta, zitunze. Hewa ya pwani yetu ina unyevunyevu, na zile chembe za ndani zinavuta unyevu hata kabla ya kutumika. Ndoo yenye mfuniko inafaa. Panya nao wanazipenda kwa kutengenezea viota.

Hatua ya 5: Kama hela haitoshi, shona

Hapa nina msimamo. Kwa nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, busta bora ya kila siku ni ya kitambaa, na ya kununua iwekwe kwa ajili ya usiku, safari na masika. Kitambaa hakina nailoni, kikishiba kinapitisha chenyewe, na kwenye mitumba malighafi imejaa.

Tafuta taulo la pamba au shuka zito la pamba lililotumika sana. La zamani linashinda jipya, kwa kuwa kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani unaokataa maji mpaka kifuliwe mara kadhaa. Merikani mpya, kwa mfano, ni nzuri mno baada ya kufuliwa, lakini siku ya kwanza maji yanateleza juu yake. Pale pale mnadani dondosha tone la maji: likizama mara moja, chukua, likisimama kama umande, acha, hiyo ina nailoni nyingi.

Kata kipande cha sentimita 40 kwa 48, pinda kingo zake, kisha kikunje kwa upana kiwe tabaka nne, ubaki na pedi ya 40 kwa 12. Usikishone tabaka zote kwa pamoja. Kitambaa cha kukunjua kinafulika na kukauka upesi, kilichoshonwa kikawa kinene kinabaki kibichi katikati na kuanza kunuka. Kama taulo ni jepesi, ingiza kipande cha khanga kuukuu ndani ya mkunjo.

Juu kabisa, upande wa ngozi, weka tabaka moja la jezi ya mpira yenye vitundu. Kitambaa cha jezi hakinywi maji, kinayapitisha tu, kwa hiyo ngozi inakutana na kitu kikavu zaidi huku pamba iliyo chini ikibeba mzigo. Jezi moja ya mtumba inatoa vipande vya kutosha. Timu yoyote inafaa, ingawa kuna wazee watakaokuuliza kwanza ni ya Simba au Yanga.

Shona kama kumi hivi. Kiangazi zinakauka siku hiyohiyo, lakini kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua ikikaza utazihitaji zote.

Kufua: suuza kwanza kwa maji ya baridi mpaka harufu ya mkojo ipungue, ndipo uweke sabuni ya unga, kisha suuza sana, kwa sababu sabuni iliyobaki inawasha ngozi. Usiweke dawa za kulainisha na kunukisha nguo, zinapunguza unywaji wa maji. Mara mojamoja zichemshe. Ukitaka kutumia Jik, hakikisha mkojo umeshasuuzwa wote: Jik ikikutana na mkojo hutoa hewa ya sumu inayochoma kifua, na usiichanganye na siki wala limao. Anika juani, na zikikauka piga pasi ya moto pande zote. Kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi. Pasi inayamaliza mayai hayo.

Vipi kuhusu pempasi za watoto? Zinapatikana mpaka kwenye duka la mwisho la kijiji, na zinanyonya vizuri. Ukibanwa, kata mabawa yake, geuza uone mgongo, na upige mikato midogo kama sita katikati ya ile nailoni ili mkojo upite. Mikato iangalie chini kwenye pempasi kubwa, isiguse ngozi. Ubaya wake ni kwamba utelezi wa ndani unaweza kutoka kupitia mikato na kumpaka mgonjwa. Ni njia ya dharura, si ya kila siku. Pamba ya hospitali iliyofungwa ndani ya kitambaa usijisumbue nayo, inajikusanya donge kabla hata ya saa sita usiku.

Hatua ya 6: Kuvalisha na kubadilisha

Mweke mgonjwa ubavu. Kunja pempasi kwa urefu kidogo ili marinda yasimame, laza busta katikati. Kwa mwanaume isogeze mbele, na uume uelekezwe chini. Ukielekea juu au pembeni, mkojo hutokea kiunoni. Kwa mwanamke anayelala chali, isogeze nyuma kidogo. Funga utepe wa chini kwanza, ukiuvuta kwa kupandisha, halafu wa juu kwa kushusha, kisha pitisha kidole mapajani kuyatoa marinda ya nje yaliyojikunja.

Faida ya busta wengi hawaitumii: ukiiwahi kabla haijashiba, pempasi ya chini bado ni kavu. Unaivuta hiyo tu, unamsafisha, unaweka nyingine, pempasi inaendelea. Mchana hiyo ndiyo njia ya kuokoa hela nyingi zaidi. Haja kubwa ikitoka, vyote vinavuliwa palepale, hakuna cha kuokoa hapo.

Kila ukibadilisha, osha kwa maji na sabuni laini, kausha kwa kugusagusa bila kusugua. Mafuta ya mgando yapakwe membamba sana. Ukiyapaka kama siagi kwenye mkate yanaziba uso wa pedi na mkojo unakosa pa kuingia. Poda iache, inaganda mikunjoni. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, busta haikupi ruhusa ya kumwacha.

Kuna suala la kuona aibu pia. Mtoto wa kiume kumbadilisha mama yake ni jambo zito kwetu, na bibi anaweza kukataa pempasi kabisa kwa sababu ya nani anayeivalisha, si kwa sababu ya pempasi. Mara nyingi mjukuu wa kike ndiye anayelifungua. Ana utani na bibi yake, anaweza kuingia na kusema, "Shikamoo bibi, leo nakuongezea pedi ulale kama bibi harusi," na mambo yakaenda.

Hatua ya 7: Punguza mzigo wa usiku, na ujue lini si suala la pedi

Usimnyime mzee maji. Mkojo mzito unawasha kibofu na kuharakisha maambukizi ya njia ya mkojo. Mpe maji mengi asubuhi na mchana, punguza chai na kahawa kuanzia magharibi. Kama anatumia vidonge vya kupunguza maji mwilini na anavinywa jioni, muulize daktari kama vinaweza kuhamia asubuhi. Usivihamishe mwenyewe.

Mpeleke hospitali kama kuvuja kumeanza ghafla, kama ana homa, maumivu au damu kwenye mkojo, au kama baba mzee anatoa matone tu muda wote huku tumbo la chini limejaa na gumu. Huyo huenda njia yake ya mkojo imeziba, na pedi inakuficha hatari. Mtwara kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Masasi wako jirani na Ndanda. Lindi kuna Sokoine mjini na Nyangao.

Mwanamke, hasa kijana, aliyeanza kuvuja mfululizo baada ya uzazi mgumu, huenda ana fistula, yaani tundu lililotoboka kati ya kibofu na uke. Fistula hushonwa, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam hutibu bila malipo. Kumnunulia huyo pedi mwaka baada ya mwaka bila kumfikisha kwa daktari ni kumkosea.

Safari ya basi

Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, siku inaishia barabarani. Mvalishe pempasi mpya na busta moja alfajiri kabla ya kutoka, tandika kitambaa kizito chini yake kwenye kiti, na ufungashe busta tatu za ziada, mifuko myeusi ya kufungia zilizolowa, chupa ya maji na kitambaa cha kufutia. Omba kiti cha karibu na mlango. Mwambie kondakta mapema kwamba una mgonjwa, basi lisimame muda wa kutosha Nangurukuru, kule Kilwa. Kwa mwanamke, gauni pana na khanga mbili zinarahisisha kuvuta busta bila kumvua; kwa mwanaume, kikoi ni bora kuliko suruali. Zilizolowa usizitupe dirishani wala kwenye choo cha shimo cha watu, maana haziozi na zinajaza shimo. Fika nazo Dar, au uziache kwenye pipa la taka kituoni.